UZI: Riwaya ya distopia iwekwe mwaka gani? Anza na umri wa bibi, teknolojia baadaye

#1 KalamuButu

Wakuu, kila mswada wa distopia (hadithi ya jamii ya baadaye iliyogeuka jinamizi) unaoletwa humu huja na swali lilelile: niuweke 2050 au 2100? Namba yenye sifuri mwishoni imeshachaguliwa, sasa mwandishi anahangaika kutafuta cha kuijazia. Huko ni kukata kitambaa kabla hujampima mvaaji.

Mwaka wenyewe hauna uzito. Uzito uko hapa: siku mambo yalipogeuka, mhusika mkuu wako alikuwa na umri gani, na nani bado yu hai anayekumbuka yaliyokuwapo kabla?

Siku hiyo mimi naiita Mgeuko. Kabla ya aya ya kwanza, chora safu nne kwenye karatasi: mwaka wa Mgeuko, mwaka hadithi inapoanza, mwaka wa kuzaliwa wa kila mhusika mwenye jina, na umri wake siku ya Mgeuko. Hiyo safu ya nne ndiyo inayoandika riwaya. Mtu huanza kushika kumbukumbu za kudumu akiwa na miaka 3 au 4, lakini hizo ni za harufu, sura na nyimbo. Kuelewa nchi iliendeshwaje, nani alichaguliwa na nani alilalamika hadharani akarudi nyumbani salama, huko kunataka miaka 12 hivi. Basi shahidi wa maana ni yule aliyekuwa na 12 au zaidi. Hadithi ikianza miaka 60 baada ya Mgeuko, ana 72. Ikianza miaka 80 baadaye, ana 92. Miaka 100, hayupo, na riwaya yako imeshakuwa ya aina nyingine bila wewe kujua.

Angalieni The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, 1985. Mgeuko umepita miaka michache tu. Offred, mhusika mkuu, alikuwa na kazi, mume, binti na akaunti ya benki, mpaka siku kadi yake ilipokataa na siku hiyohiyo akaachishwa kazi. Kila mwanamke mzima pale anakumbuka. Maumivu ni ya kunyang'anywa, na kazi ya utawala ni kusubiri wasichana ambao hawatakuwa na cha kulinganisha.

Sasa nenda kwa Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, 1949. Winston Smith, mhusika mkuu, anaamini ana miaka 39, na kwamba alizaliwa 1944 au 1945. Alikuwa mtoto nchi ilipogeuka, kwa hiyo ana vipande tu: mama, njaa, makazi ya chini ya ardhi. Anamfuata mzee kwenye baa, anamnunulia bia, anamuuliza kama maisha yalikuwa bora zamani. Mzee anakumbuka kofia ndefu za matajiri, anakumbuka bia ilikuwa nzuri zaidi na rahisi, analalamika kwamba nusu lita haimtoshi na lita nzima inamzidi. Jibu halitoki. Tukio lile linawezekana kwa pengo lile tu. Winston angekuwa mkubwa kwa miaka 15, asingehitaji kuuliza. Hadithi ingesogea mbele miaka 40, mzee angekuwa kaburini.

Ukivuka miaka 100 unaingia kwa Yevgeny Zamyatin (Sisi, aliyoiandika 1920 na 1921) na Aldous Huxley (Brave New World, 1932). Kwa Zamyatin, utawala uitwao Dola Moja una umri wa karibu miaka elfu. Kwa Huxley ni mwaka 632 baada ya Ford, yule mtengenezaji wa magari. Hakuna shahidi, hivyo wote wawili wamelazimika kununua mbadala: Zamyatin ameweka Nyumba ya Kale iliyohifadhiwa tangu enzi zilizopita, Huxley ameleta kijana aliyekulia nje ya mfumo akisoma Shakespeare. Ukiweka hadithi yako mbali hivyo bila nyumba, mgeni wala maandishi, mhusika wako hana pa kupatia shaka. Ukurasa wa 40 ataanza kuasi, na msomaji atauliza wazo hilo kalitoa wapi.

#2 Zohali

Kwa hiyo 2050 ndiyo imeshazikwa?

#3 KalamuButu

Haijazikwa mkuu. Niambie Mgeuko ulikuwa lini, nitakuambia kama 2050 inafaa.

#4 Bi_Msomaji

Nakubaliana na mleta uzi kuhusu umri, ila kuna umri mwingine ameuruka: wa msomaji.

Pigeni hesabu ya pengo kati ya mwaka wa kuchapishwa na mwaka wa hadithi. Orwell, 1949 hadi 1984: miaka 35. Harry Harrison aliyeandika kuhusu jiji lililofurika watu, 1966 hadi 1999: miaka 33. Octavia Butler, 1993 hadi Julai 2024: miaka 31. P. D. James, 1992 hadi Januari 2021: miaka 29. Philip K. Dick na riwaya yake ya androidi (roboti zinazofanana na binadamu), 1968 hadi 1992: miaka 24.

Mnaona wanavyorundikana? Kati ya miaka 24 na 35, mtu anayenunua kitabu akiwa na 30 atakuwa hai tarehe ikifika, ila atakuwa mzee au anakaribia, na mtoto wake ndiye atakayekuwa na umri wa mhusika mkuu. Hofu inamgusa nyumbani kwake. Ukisogeza hadi miaka 150, msomaji anahurumia watu asiowajua. Atawahurumia, ndiyo, lakini usingizi hautampotea.

Gharama yake ni kwamba tarehe itapitwa. Riwaya ya Dick ilipokaribia kupitwa, matoleo ya baadaye yaliusogeza mwaka hadi 2021, na huo nao sasa uko nyuma yetu. Filamu iliyotokana nayo, ya 1982, iliwekwa Novemba 2019. Mimi sipendi kusogeza. Ukibadilisha mwaka bila kugusa mambo mengine, watu wa 2021 wanabaki na mazungumzo, nguo na ndoa za 1968. Bora uache tarehe izeeke pamoja na kitabu.

#5 FundiBawaba

Niongeze upande wa vitu, maana hapa ndipo miswada mingi inapovuja. Mwandishi anaweka Mgeuko, anaruka miaka 40, halafu mhusika anafukua kitu kilichofichwa na kinafanya kazi kama kilinunuliwa jana.

Petroli: iliyofungwa vizuri na kutiwa dawa ya kuihifadhi hufika mwaka mmoja hadi miwili. Bila dawa huanza kuchacha ndani ya miezi, inaacha utando unaoziba kabureta na nozeli. Dizeli hufanana, na ikiingia maji huota ukungu. Gari la kutorokea mwaka wa 20 baada ya Mgeuko halina mafuta, hata kama tangi limejaa pomoni.

Matairi: mpira hupasuka kwa kuzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Ukiona miaka 10, usiende nalo mwendo kasi.

Betri za simu: lithiamu hupungua uwezo hata isipoguswa. Simu iliyokaa kabatini miaka 15 usiipe kazi ya kuokoa nchi.

Paneli za jua ndizo zinazoshangaza watu. Hupoteza nusu hadi asilimia 1 ya nguvu kwa mwaka, kwa hiyo baada ya miaka 40 paneli bado inatoa umeme wa kutosha. Kinachokufa ni kigeuza umeme (inverter, kinachobadili umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15. Hapo una tukio zuri kabisa: paa zima lina uhai na ndani ni giza, kisa kisanduku kimoja ukutani ambacho hakuna anayejua kukitengeneza.

Magazeti: karatasi yake ya bei rahisi ina lignini itokanayo na mti, inageuka njano na kukatika kama chapati kavu. Kitabu cha karatasi isiyo na asidi kinakaa karne. Basi ushahidi wa gazeti katika mwaka wa 60 uvunjike mikononi mwa anayeukunjua. Usimfanye alikunje tena alitie mfukoni.

Insulini: chupa iliyofunguliwa, nje ya friji, ni siku 28 hivi. Isiyofunguliwa inataka friji, na hata hapo ina tarehe ya mwisho. Mhusika mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kufika mwaka wa 5 kama hakuna kiwanda. Akifika, kuna kiwanda, na riwaya yako inatakiwa iseme ni cha nani.

Hayo yote ni kwa vitu vilivyofichwa. Kama viwanda vya utawala vinaendelea, petroli ipo, na swali linakuwa nani ana kibali cha kuinunua.

#6 Zohali

Kigeuza umeme ukutani. Nakiiba hicho.

#7 MhakikiWaZamu

Mmeongelea mwaka, mmesahau saa na wiki. Utawala unaotaka kuwashika watu hauanzi na bunduki peke yake, unaanza na kalenda. Na hapa hakuna haja ya kubuni, historia imejaa mifano.

Ufaransa ya mapinduzi iliidhinisha kalenda mpya 1793 na kuihesabu kuanzia 22 Septemba 1792. Miezi 12 ya siku 30, wiki za siku 10, na siku 5 au 6 za ziada mwishoni. Walijaribu hata siku ya saa 10 zenye dakika 100. Saa hizo ziliachwa 1795, kalenda yenyewe ikafutwa 1 Januari 1806. Hebu mfikirieni kibarua: alikuwa anapumzika kila baada ya siku 7, sasa anasubiri 10.

Italia ya Mussolini ilihesabu miaka kwa namba za Kirumi kuanzia Oktoba 1922. Korea Kaskazini ilianzisha 1997 kalenda inayoanzia 1912, mwaka aliozaliwa Kim Il Sung. Agosti 2015 ikarudisha saa nyuma kwa dakika 30, kisha Mei 2018 ikazirudisha zilipokuwa.

Lakini mfano wa kuusoma kwa makini ni wa Umoja wa Kisovyeti, 1929. Wiki ilifanywa siku 5, mitambo isisimame hata siku moja. Kila mfanyakazi alipewa rangi: njano, waridi, nyekundu, zambarau au kijani. Rangi yako ndiyo siku yako ya mapumziko. Kiwanda hakilali, kweli. Ila mume ana njano, mke ana kijani, shoga yake ana waridi, na siku ya kukaa pamoja haipo. 1931 wakahamia wiki ya siku 6, na Juni 1940 siku 7 zikarudi. Mwandishi akipewa hilo anataka nini tena? Hakuna aliyepigwa wala kufungwa, na familia imetawanyika ndani ya nyumba moja.

Sasa makosa. La kwanza ni la hesabu. Kalenda zinazoanza na mwaka wa 1, kama hiyo ya Korea, zinataka uongeze moja kwenye tofauti ya miaka: 1912 ni mwaka wa 1, kwa hiyo 2012 ni mwaka wa 101. Kwa Huxley, mwanzo ni 1908, gari la Model T lilipotoka, na mwaka wa 632 husomwa 2540, yaani 1908 ndiyo sifuri. Amua kama una sifuri au huna, andika kanuni juu ya karatasi, usiiguse tena.

La pili ni la watu. Mwandishi akishabuni kalenda, kila mhusika anaitumia kwa ufasaha, hata kitandani. Haiwi hivyo. Kalenda ya serikali hukaa kwenye fomu, lebo na mabango. Jikoni watu wanahesabu kwa mimba, mvua na misiba. Tumia zote mbili, na mfanye mtu mmoja ateleze mbele ya asiyestahili kusikia.

#8 KalamuButu

Mkuu hapo #7 umemaliza. Naongeza la lugha, maana tunaandika Kiswahili na Kiswahili kina saa yake.

Riwaya ya Orwell inafungua na saa zikigonga kumi na tatu. Ukitafsiri kwa kufuata mazoea utaandika "saa saba mchana", na mshtuko wote umemwagika. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, ikifika kumi na mbili inaanza upya jioni. Kumi na tatu haimo. Basi andika "kengele ziligonga mara kumi na tatu" na masikio ya Mswahili yatasimama yenyewe. Utawala wako ukiwalazimisha watu kusema "saa kumi na tatu" badala ya "saa saba", umeshaonyesha udhalimu bila kumleta askari hata mmoja. Bibi atakayesema "saa saba" kwa bahati mbaya amejifichua umri.

Halafu njeo, yaani nyakati za vitenzi. Hadithi ya mwaka 2090 haisimuliwi kwa -ta-. Tumia -li- na -ka- kama kawaida, wakati ujao ubaki kwa ahadi za serikali. Hazina yetu ni hu-. Linganisheni:

*Raia walisimama foleni tangu alfajiri.*
*Raia husimama foleni tangu alfajiri.*

Ya kwanza ni tukio, lina mwanzo na mwisho. Ya pili haina mwanzo, ni kama mvua na jua. Matangazo ya utawala yaandikeni yote kwa hu-. Mhusika anayeanza kuamka mgeuzieni -li- taratibu: ameona kwamba foleni ilianzishwa siku fulani na mtu fulani. Na -ngali- mwekeeni bibi. "Angalisoma." Wajukuu hawana sababu ya kuitamka.

(Watu wanabuni lugha za kidikteta zinazofuta maneno. Mtondo na mtondogoo, siku mbili zinazofuata keshokutwa, zimetoka vinywani mwa wengi wetu bila amri ya mtu.)

#9 Bi_Msomaji

Hapo kwenye hu- napinga kidogo. Kurasa 3 mfululizo za hu- zinachosha, msomaji anaona kitabu hakiendi. Mabango, kiapo cha shule, maelekezo ya foleni: sawa. Masimulizi: hapana.

#10 KalamuButu

Nimekusoma. Aya moja kwa sura inatosha.

#11 Mwanagenzi77

Wakuu, naombeni mnipimie mfupa huu. Mgeuko 2041. Hadithi 2100. Mhusika mkuu ana 34. Analelewa na bibi yake mwenye 70 anayemsimulia jinsi alivyopiga kura. Usiku wa 29 Februari 2100 wanatoroka kwa gari lililofichwa ghalani tangu Mgeuko.

#12 FundiBawaba

Gari limeshakufa, soma #5. Miaka 59! Hata baiskeli itataka matairi mapya. Labda ya mpira mgumu usio na upepo, au rimu tupu zilizofungwa kamba. Kelele zake barabarani usiku zitakupa hofu ambayo gari lisingekupa.

#13 MhakikiWaZamu

29 Februari 2100 haipo. Mwaka unaogawanyika kwa 100 si mrefu (wa siku 366) isipokuwa ugawanyike kwa 400. 2000 ulikuwa mrefu, 2100 si mrefu. Wahariri wengi hawatalishika hili, ila msomaji mmoja atalishika na hatanyamaza.

#14 KalamuButu

Na bibi: 70 toa 59 ni 11. Mwaka 2041 alikuwa na miaka 11. Kura alipigia wapi? Kama umri wa kupiga kura ni 18, anatakiwa awe na 77 kwenda juu. Tazama na kizazi cha katikati. Bibi wa 70 mwenye mjukuu wa 34 alikuwa na 36 mjukuu alipozaliwa, maana yake yeye na mwanawe wote walizaa kwenye 18. Inawezekana, lakini inabana, na ukiiacha itataka maelezo.

Dawa ni moja kwa yote: rudisha hadithi 2096. Ni mwaka mrefu. Mpe bibi miaka 75, amezaliwa 2021, Mgeuko umemkuta na 20, kapiga kura mara moja tu maishani. Mara moja ni bora kuliko mara nyingi, kila maelezo ya siku ile atayakumbuka. Mhusika wa 34 amezaliwa 2062, bibi akiwa na 41. Vizazi vimepumua.

#15 Mwanagenzi77

Nimebadilisha yote. Je, mwisho niweke kiambatisho cha mwanahistoria wa baadaye?

#16 Bi_Msomaji

Mbinu ya zamani hiyo. Jack London mwaka 1908 aliweka tanbihi za msomi anayeishi karne saba baadaye. Atwood anafunga na mkutano wa wataalamu tarehe 25 Juni 2195. Kiambatisho cha Orwell kuhusu lugha kimeandikwa kwa wakati uliopita, na wapo wanaokisoma kama dalili kwamba utawala ule ulianguka. Ndicho kinachofanywa na wakati wa pili: unamwambia msomaji kwamba kuna kesho. Kama hutaki ajue, usiweke. Ukiweka, msomi huyo asiwe mwerevu kupita kiasi. Wa Atwood anatania pale asipostahili kutania, na utani ule unauma kuliko sura nyingi za kitabu. Kurasa 10 hivi, usizidishe.

#17 Mwanagenzi77

La mwisho: 29 Februari 2096 ni siku gani? Na mwezi utakuwaje? Nilishaandika mbalamwezi.

#18 MhakikiWaZamu

Siku: ndani ya 1901 hadi 2099, kalenda hujirudia kila miaka 28. Toa 28 kwenye 2096 mara tatu unapata 2012. 29 Februari 2012 ilikuwa Jumatano, kwa hiyo na hiyo ni Jumatano. Ukitaka mbali zaidi tumia miaka 400, ambayo ni wiki 20,871 kamili: kalenda ya 2440 ni ya 2040 vilevile.

Mwezi: kila miaka 19 hali ya mwezi hurudi karibu tarehe ileile. Miaka 76, yaani 19 mara nne, inapatana vizuri zaidi. 2096 toa 76 ni 2020. Mwezi ulianza upya 23 Februari 2020, hivyo 29 ulikuwa na siku 6, bado haujafika nusu. Mbalamwezi yako ifute. Utakuwa mwezi mchanga unaotua karibu na saa sita usiku. Watoke saa saba, giza litakuwa limekamilika na baiskeli ya rimu tupu itasikika vizuri.